Rangi Iliyokataa Mabati

Tangazo lilibandikwa Athi River mwanzoni mwa mwaka 2003: hakuna jengo litakalobomolewa kabla ya kupakwa alama nyekundu ya X, wala hakuna lenye X litakalosazwa. Baraza la waungwana halivunji bila hodi. Aliyeitunga sheria hiyo, Bwana Bartholomew Kimanzi, Kaimu Mkuu wa Idara ya Alama, aliiona kuwa mchango wake kwa ustaarabu. Rangi pia aliinunua yeye, kwa shemeji yake.

Balaa lilianzia kwa Nthambi, muuza chai kando ya viwanda. Kimanzi alisimamia mwenyewe X ikichorwa kwenye mabati ya kibanda chake. Rangi ikajikunja, ikawa vitone, ikateremka hadi chini. Ikachorwa tena, ikateremka tena. Wateja wakashangilia kama wako mpirani.

"Mama, umepaka nini hapa?"

"Mafuta tu, mkubwa. Msichana wangu analeta makopo yenye wanatupa huko kiwanda ya mabeseni. Kibanda ni kama mtoto, lazima umpake."

Kimanzi akaunda kamati. Kamati ikala nyama choma, ikatafakari, ikaleta taarifa: hayo ni mafuta ya silikoni, nayo yana mbari nyingi. Mepesi hupakwa uzi wa cherehani usikatike. Mazito hunyunyizwa ndani ya kalibu ya kuundia beseni ili lisigande. Mengine kazi yake ni kuua povu kwenye mapipa ya kutia nguo rangi. Yanapopita, rangi haishiki. Kamati ilipendekeza mafuta hayo yaandikiwe barua ya onyo.

Kufikia hapo vibanda vyote vya mstari ule vilikuwa vinang'aa, na tingatinga limekaa bure, maana sheria ni sheria. Mjini ikasemwa kwamba silikoni ni kisingizio, shemeji ametia rangi maji. Bi Kasyoka, karani mkuu wa baraza, akamwambia Kimanzi athibitishe ubora wa rangi yake au aiache kazi. Kazi hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba ya ghorofa, iliyoingia kidogo kwenye ardhi ya barabara. Kidogo tu, sebule na vyumba vya kulala.

Basi akawaalika Bi Kasyoka na kamati nzima nyumbani kwake, akashika brashi kwa mkono wake, akachora X kubwa ukutani. Ikashika! Akaisugua kwa sabuni, akaisugua kwa petroli. Haikutikisika. Watu wakapiga makofi, na Kimanzi akalengwa na machozi ya furaha. Kazi ilikuwa imeokoka.

Asubuhi tingatinga likanguruma langoni.

"Ndeti, umerukwa na akili?" Kimanzi akamfokea dereva. "Hiyo X ni ya majaribio!"

"Mkubwa, kwa ile tangazo hakuna majaribio. Iko na X, naangusha."

Kimanzi alikimbia na pajama hadi kwa Nthambi kuomba mafuta. Nthambi akampa kopo zima.

"Lakini hii hupakwa kabla ya rangi," akamwambia kwa huruma. "Ikishashika, imeshika."

Kishindo cha ukuta kikasikika hadi pale. Kimanzi akabaki amesimama juani, kopo mkononi.

"Ingia ndani ukae, mkubwa," Nthambi akasema, akimmiminia chai. "Hapa hakuna X."