Jua Kwenye Cherehani

Tarehe 4, Jumatatu

Leo nimegundua jua. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Miaka sita tumekaa ghorofa ya tatu, madirisha yote yametazamana na jengo la pili, na hatujawahi kupata hata ukucha wa jua. Saa nane mchana tunawasha taa. Sasa leo nimerudi kutoka posta (mimi ni karani wa vifurushi, zamu ya asubuhi), mke wangu ametoka kupeleka nguo za wateja, nimesimama sebuleni sina hili wala lile. Saa tisa u nusu, mwanga ukaingia. Wa manjano, mpana kama kitambaa cha meza. Ukatua juu ya cherehani ya mke wangu ukatulia. Vumbi likawa linaelea ndani yake, likipanda, likishuka, halina haraka. Nilitazama mpaka nikasahau chakula.

Nimepeleleza. Jua linapiga kioo cha dirisha la mwalimu mstaafu wa hesabu, jengo la pili, nacho kioo kinalirusha kwetu. Basi nikasogeza cherehani pembeni, nikavuta kochi mahali pake, nikalala humo humo kwenye mwanga. Niliota nyumba nzima imeng'oka, sufuria na makochi, tunaelea taratibu juu ya paa za watu, na usukani nimeushika mimi. Nilipoamka mwanga umekwisha, shavu bado lina joto. Nikarudisha vitu vyote mahali pake.

Ugunduzi huu umekuja wakati wake. Jumamosi shemeji yangu anakuja na pikapu. Mke wangu amechoka kutia uzi kwenye sindano gizani, macho yanamuuma, na kaka yake amempa chumba kule mwisho wa mji, chenye madirisha makubwa. Amesema nami naweza kufuata nikitaka. Nikitaka! Sitaki. Wala sitaki kubaki kwenye nyumba isiyo na mlio wa cherehani. Lakini simwambii kitu. Nitalikuza kwanza hili jua, halafu Jumamosi nimkabidhi, mbele ya kaka yake, nimwone atakavyoduwaa.

Tarehe 5, Jumanne

Mtu mwingine angevuka ua akaongea na mwalimu. Mimi siwezi. Ngazi yake niliyoazima mwaka juzi iko kwangu mpaka leo, nyuma ya mlango wa bafu. Tukikutana uani hujibu salamu yangu kwa kuhesabu vidoleni miezi ya ngazi.

Kwa hiyo nimeandika barua. Kwa niaba ya Idara ya Madirisha, mwalimu anaagizwa kusukuma dirisha lake nje kiganja kimoja zaidi, kwa usalama wa kioo. Kwa hesabu zangu, kiganja kimoja kingeongeza mwanga utoshe cherehani na kochi, mimi na mke wangu tukae humo pamoja jioni za uzee wetu. Karatasi nilitoa kwenye droo ya cherehani. Niliandika kwa mkono wa kushoto. Nikapiga mhuri wa kazini, ule ulionijia mkononi kwanza: KITU CHA KUVUNJIKA. Ikapendeza sana. Nikaipitisha chini ya mlango wake alfajiri, nikaenda kazini napiga mluzi.

Saa tisa u nusu. Mke wangu ameketi mbele ya cherehani, sindano mkono huu, uzi mkono huu, lakini hashoni. Anatazama nje tu. Ajabu kidogo. Nikajitia nasoma gazeti. Kule ng'ambo dirisha likasogea kiganja kimoja kamili. Mwanamke mtiifu, mwalimu yule! Mwanga ukagusa ukuta wetu, ukateleza, ukatoka, ukaingia kwa jirani yetu kinyozi.

Kwa kinyozi! Mke wangu akashusha pumzi, akawasha taa.

Tarehe 6, Jumatano

Kinyozi anaimba. Nimemsikia ukutani. Nikaenda kubisha hodi nikijidai nataka kunyolewa, na kioo cha kabati letu nimekikumbatia kifuani. Kiti chake amekiweka katikati ya mwanga wangu, amevaa fulana, anatabasamu peke yake. Akaniambia jua linajua nyumba ya mtu mwema. Nilimeza hasira, nikaketi.

Mpango ulikuwa rahisi: yeye ananyoa, mimi kwa siri nageuza kioo, naurudisha mwanga kwenye dirisha la mwalimu, nalo linaurusha kwetu. Lakini pale kitini kulikuwa na joto la kubembeleza, mashine inanguruma taratibu sikioni, macho yakawa mazito, nikawa tena ninaelea juu ya paa. Mikono ikalegea. Kioo kikainama. Nikagutushwa na ukelele kutoka jengo la pili: nimemmulika mwalimu usoni akinywa chai, na kikombe kimemponyoka.

Mwalimu akavuta pazia. Chumba cha kinyozi kikawa giza ghafla. Kinyozi akazima mashine, akasema hawezi kunyoa asichokiona, na taa yake iliungua zamani. Nimerudi nyumbani na nywele upande mmoja.

Tarehe 7, Alhamisi

Pazia limebaki pale pale. La kijani, zito. Leo jua hakulipata mtu yeyote, na kinyozi haimbi. Hilo lilinifariji kwa dakika tano.

Mke wangu amekaa tena mbele ya cherehani kuanzia saa tisa. Saa kumi akainuka. Akaanza kupanga vigurudumu vya nyuzi kwenye kopo la biskuti, rangi kwa rangi, akafunga mkasi wake ndani ya taulo. Hakugomba. Hakuuliza hata habari ya kichwa changu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilitaka kumwambia asiondoke, kwamba nyumba hii bila yeye ni kabati tu lenye choo. Badala yake nikamuuliza kama chai ipo. Nikaenda kukaa bafuni na ile ngazi.

Tarehe 8, Ijumaa

Mke wangu alivuka ua kwenda kumuaga mwalimu. Sikujua hata kama wanajuana. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, aliweka karatasi mezani mbele yangu. Idara ya Madirisha! Nikasema jamani, idara hizi za siku hizi, haziishi usumbufu. Akaigeuza karatasi. Upande wa pili kulikuwa na mchoro wa kola, na vipimo vya shingo ya mteja wake, mwandiko wake mwenyewe. Akasema kola hiyo ameitafuta siku nne.

Nikaeleza yote. Kochi, kiganja, kioo, kinyozi. Yeye naye akaeleza. Wiki iliyopita walikutana na mwalimu juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Akamlalamikia giza. Mwalimu akashuka, akatoa kipimapembe chake cha darasani, akahangaika na lile dirisha siku mbili mpaka jua likatua pale hasa panapotiwa uzi. Ile Jumatatu lilikuwa jaribio la kwanza. Kumbe sikugundua chochote. Nililala juu ya zawadi ya mtu! Na jua lilipohama, mke wangu alidhani mwalimu amemchoka, akaona haya kuuliza. Mwalimu naye alidhani serikali imemwingilia.

Alivyosema "nilidhani nimechokwa" sauti ikamkatika. Aibu ikanivaa kuanzia unyayo. Nikamwambia aniambie la kufanya, lolote. Akasema: "Anza na ngazi ya watu."

Nimevuka ua mchana kweupe, ngazi begani, nusu kichwa kimenyolewa, watu wamejaa madirishani kwenye majengo yote mawili. Mwalimu akaipokea. Akauliza kama Idara ina maagizo mengine. Nikasema hapana, mwalimu, shikamoo.

Tarehe 9, Jumamosi

Shemeji alifika saa tisa na pikapu yake na kamba. Mke wangu akamwambia akae kwanza anywe chai. Saa tisa u nusu pazia la kijani likafunguka. Dirisha likasogea kidogo, likarudi kidogo, likasimama. Mwanga ukaingia ukatua juu ya cherehani, taratibu, kama Jumatatu ile. Mke wangu akachukua sindano, akatia uzi mara moja tu. Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana. Akamwambia kaka yake arudi na pikapu tupu. Shemeji hakusikia, alikuwa amesinzia na kikombe mkononi.

Nilifurahi mno. Mke wangu akaniomba jambo moja tu: nisiguse kitu. Si dirisha, si pazia, si kioo, si barua. Nikaapa kwa mikono miwili, na nilikuwa nasema kweli.

Kisha nikaketi nikimtazama anavyoshona. Cherehani inalia, vumbi linaelea. Uzuri ulioje! Ila mwanga unaishia mikononi mwake, kwenye viwiko. Usoni haufiki. Na ule uso unastahili. Nimepima kwa jicho: kimebaki kidole kimoja. Si kiganja, kidole.

Kesho mwalimu anashinda kwa dada yake. Ufunguo amemwachia mke wangu amwagilie maua. Umetundikwa jikoni, na maua, kwa jinsi ninavyoyaona kutoka hapa, yana kiu.