Nimemtafsiria Neema vibaya mbele ya wakwe

Leo aibu imenikuta nimevaa koti na tai. Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mtaa wetu wote wa Cimpunda umeshaanza kusimuliana.

Mwezi uliopita niliamua kuwa mkalimani wa lugha ya alama. Nilimwona mmoja kanisani, amesimama pembeni ya padri, mikono inakwenda, watu wote wanamtazama yeye. Padri mwenyewe hawamtazami! Nikajiambia, hii ndiyo kazi yangu. (Kwa nini nilifikiri hivyo, hadi sasa sielewi.) Nikajiandikisha kwenye mafunzo ya Jumamosi. Nimesoma Jumamosi tatu. Ya nne mvua ilinizuia.

Sasa, jirani yetu Neema ni fundi cherehani, na ni kiziwi tangu utoto. Leo wakwe walikuwa wanatoka kisiwani Idjwi kuja kumposa. Mchumba wake, Faustin, seremala, naye ni kiziwi. Kila siku anayewatafsiria ni Furaha, mdogo wake Neema. Lakini leo Furaha alikuwa jikoni, moshi machoni, anapika pamoja na mke wangu, Maman Aline.

Baba yake Neema akaniita.

"Banasema unasomaka ile kazi ya mikono. Ni kweli?"

"Kweli kabisa, papa."

"Bon. Utatusaidia leo. Furaha iko na kazi mingi kule jikoni."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema: Jumamosi tatu. Nikasema, "Hakuna shida, papa."

Wageni wakaingia, wakakaa. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Faustin, muzee wa sauti nzito. Akasalimia. Nikatafsiri salamu bila kukosea hata moja! (Salamu tulifundishwa Jumamosi ya kwanza.) Nikarekebisha tai. Kisha muzee akamgeukia Neema.

"Binti yetu, tumekuja kukuomba. Unakubali kuolewa mu nyumba yetu?"

Nikamuuliza kwa mikono. Neema akakunja uso. Akamtazama Faustin. Faustin akapandisha mabega. Nikarudia, safari hii polepole na kwa mikono mikubwa, kama mtu anayemwongoza dereva wa lori kurudi nyuma. Neema akatoa macho. Halafu akanijibu.

Akaninyooshea kidole. Mimi?

Akaweka kiganja kifuani, akakizungusha. Kisha mkono mmoja ukashuka juu ya kiganja cha mwingine: pa!

Nikaziunganisha alama moja moja. Wewe. Moyo. Mikono miwili imekutana... ndoa! Nikageuka nyuma, labda kuna mtu mwingine amesimama. Hakuna. Ni ukuta na kalenda.

"Amesema nini?" muzee akauliza.

Nikalegeza tai.

"Kijana, amesema nini?"

"Papa... hata mimi sielewi vizuri. Anasema moyo wake uko kwangu. Anataka tuoane. Yeye na mimi."

Mgeni mmoja soda ikampalia.

Muzee akasimama. Wageni wote wakasimama. "Tumevuka ziwa lote juu ya kuja kuchekwa?" Mama yake Neema akashika kichwa: "Yesu wangu! Na bibi ya huyu iko mu jikoni yangu!" Baba yake Neema akawa anamshika muzee mkono, "Mukae, papa, mukae kwanza," na muzee anauvuta mkono wake. Neema anatutazama mmoja mmoja, haelewi kwa nini watu wanaondoka kwenye posa yake.

Lakini aliyenichanganya kuliko wote ni Faustin. Mchumba wake ananitaka mimi, naye anacheka! Anacheka mpaka anajipiga magoti. Nikawaza, labda naye alikuwa anatafuta njia ya kumkimbia?

Kelele zikamtoa Furaha jikoni. Nyuma yake Maman Aline, na mwiko mkononi. Furaha akamuuliza dada yake kwa mikono. Neema akajibu mbio mbio. Furaha akashika mlango asianguke kwa kicheko.

"Hajasema vile! Amekuambia: wewe, tafadhali, acha!"

"Niache nini?"

"Kutafsiri! Umemuuliza mara mbili kama baba yake ameshaiva!"

Kumbe Faustin alikuwa anacheka hilo. Yangu ya mdomo hakuyasikia.

Muzee akakaa tena, polepole. Akamtazama baba yake Neema kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Na... ameshaiva?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mama yake Neema alicheka huku machozi yanamtoka. Furaha akauliza swali lile upya, Neema akamtazama Faustin na kuinamisha kichwa mara moja, na hata mimi nikaelewa. Posa ikapokelewa. Mimi nikapewa kiti karibu na mlango na sahani ya wali, nikae nayo kimya.

Wakati wa kuagana Neema akanijia, akarudia ile alama ya "acha" mbele ya pua yangu, mara tatu, mpaka nami nikaifanya sawasawa. Furaha akatafsiri: "Anasema kila jioni upite kwenye cherehani yake akufundishe, kabla hujaharibia wengine."

Nitakwenda. Bado naitaka kazi hii.

Shida ni Maman Aline. Njia nzima alitangulia mbele. Tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza: "Nielezee kitu kimoja tu. Mama yake Neema anasema wakati ule unatafsiri ulikuwa unatabasamu. Juu ya nini?"

Sikutabasamu! Nafikiri.

Basi, mwenye kucheka acheke kwa mikono. Masikio yangu leo yamechoka.