Mzunguko Mmoja wa Népomuscène katika Shamba la Carama

Sogeeni, enyi watu wa Carama wenye majembe na mbuzi, na nyinyi wa Rohero mnaodhani mambo makuu hutokea maofisini tu. Tueni mizigo, funikeni sufuria, mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize. Yanasimuliwa hapa matendo ya Népomuscène Mshuka-Milima, mbeba mikungu kumi na miwili ya ndizi, shujaa asiyejua breki nyingine ila soli ya kandambili yake, jinsi alivyosafiri hatua mia tatu akarudi pale pale alipoanzia.

Ulikuwa mwaka wa tisa wa vita. Kabla ya hapo Népomuscène na wenzake walikuwa wakiteremka kutoka Bugarama, huko milimani, kwa baiskeli, mikungu imefungwa nyuma na pembeni, upepo ukiwatoa machozi. Na kurudi juu walirudi kifalme, mkono mmoja umeshika mkia wa lori, miguu imepumzika. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao na ufundi wao. Lakini sasa milimani watu walivizia magari kwa bunduki, barabara ikawa inafungwa juma hili na kufunguliwa juma lile, na waendesha baiskeli wawili walikwenda asubuhi wasirudi. Népomuscène, simba wa Bugarama, akabaki kuketi kwenye banda la Namegabe, fundi baiskeli aliyetoka Bukavu akikimbia vita vya kwao akavikuta vya hapa.

Katika banda lile ndipo alipopata wazo lililoitikisa Carama nzima: kuchimba njia ya mviringo ambapo mtu yeyote, mkulima au mfuga mbuzi, angeendesha baiskeli kwa raha tu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baiskeli ya kuchezea? Isiyobeba ndizi wala mkaa wala mgonjwa? Wakamuuliza kama jua la kiangazi limemwingia kichwani. Naye akaendelea kuchora duara lake mavumbini, maana mashujaa wa kweli huwa wagumu wa kuelewa wanapochekwa.

Shamba pekee lililofaa lilikuwa la Mama Candide, mjane mkavu wa maneno, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akitabasamu. Lilikuwa limelala tangu mavuno, likiinama kidogo kuelekea mfereji. Népomuscène akaenda, akavua kofia, akaomba kwa maneno mengi. Mama Candide akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa hukumu yake.

"Mwana wangu, iyi shamba ni ya marehemu bwana yangu. Mvua ikikuja, mi ninapanda maharage. Lakini kama mbele ya mvua kuanguka mutu mumoja tu anazunguka njia yako yote bila kukanyaga chini, njia itabakia. Kama hakuna, jembe inaingia."

Basi majemedari hawa, yeye na wenzake wa baiskeli, wakashika majembe. Majuma sita walichimba, wakashindilia, wakamwaga changarawe, Népomuscène mbele yao akiamuru kama mtu anayejenga ngome. Mteremko waliuchonga kwa mapenzi, na kona ya chini wakaiinua ukingo kwa ustadi ambao wahandisi wangeuonea wivu. Sehemu ya kupanda kurudi juu waliichora kwa kijiti, upesi upesi, wakaenda kula.

Ikafika Jumapili ya mwisho wa kiangazi. Watu walitoka misa wakaja moja kwa moja na nguo zao nzuri, na juu ya milima mawingu meusi yalikuwa yamekwisha kujikusanya. Mama Candide alikaa ukingoni, jembe magotini. Akatoka kwanza Honoré, mmoja wa wenzake wa mikungu, akashuka kama radi, akaikata kona watu wakapiga vigelegele. Na alipofika pale njia inapoanza kupanda, akanyoosha mkono wa kushoto hewani, akapapasa, akaanguka. Akafuata Radjabu, mwenzao mwingine, naye akashuka kwa utukufu, naye akanyoosha mkono ule ule.

Hapo ndipo Carama ilipoelewa. Mabingwa hawa, waliopita milima mingi kuliko mawingu, hawakuwa wamepanda hata kilima kimoja kwa miguu yao wenyewe. Walikuwa wakitafuta lori.

Kicheko kilichopanda kilisikika, pengine, mpaka Kinama. Népomuscène hakucheka. Akaamuru mkono wake wa kushoto ubaki usukanini, akashuka, akapinda kona, akaanza kukanyaga pedali kwa nguvu zote za ukoo wake. Gurudumu la nyuma likazunguka bure juu ya changarawe, likarusha vumbi, likateleza. Akakanyaga chini. Akarudia mara ya pili, akakanyaga chini. Mara ya tatu, mguu wake ulipogusa chini tena, tone la mvua likamwangukia puani.

Namegabe akaja, akainama, akalitazama gurudumu kama daktari.

"Kaka, iyi kinga, iyi baiskeli yako, haiyazoea kutembea bure," akasema. "Bila muzigo nyuma, haishike udongo. Utie muzigo."

Lakini mzigo gani? Ndizi zilikuwa milimani, na milima ilikuwa imefungwa. Népomuscène akasimama na baiskeli yake mkononi mbele ya mwenye shamba, na shujaa aliyewahi kupita kwenye risasi bila kupepesa akaanza kulia waziwazi.

"Mama, mi sikutaka kukuchezea shamba," akasema. "Kila siku mi ninaendesha nikiangalia mulima kama kuko mutu na bunduki. Nilitaka fasi moja tu ya kuzunguka bila kukimbia kitu."

Mama Candide akaliweka jembe chini, akakaza kitenge kiunoni, akaenda akaketi upande juu ya kibebeo cha nyuma.

"Mara ya mwisho nilipanda kinga, tulikuwa tunakimbia," akasema. "Twende."

Wakaanzia juu, kama sheria ilivyotaka. Wakashuka, mama akifumba macho, wakapinda kona, na kwenye kilima kile cha kutisha, chenye urefu wa hatua arobaini, gurudumu likashika. Halikwenda haraka. Kuku mmoja aliwapita. Népomuscène alipumua kama mvukuto wa mhunzi, mvua ikianza kunyesha kwa kweli, na watu wakihesabu kila mzunguko wa pedali, mpaka gurudumu la mbele likavuka mstari wa majivu uliochorwa pale walipoanzia. Hakuna mguu uliokuwa umegusa ardhi. Akakaza soli ya kandambili gurudumuni ili asimame apokee heshima zake.

"Nani alikuambia usimame?" ikasikika sauti mgongoni mwake, na wote waliokuwapo wanaapa kwamba mama yule alikuwa anacheka. "Zunguka tena."

Wakazunguka mara tano katika mvua ile. Juma lililofuata maharage yalipandwa katikati ya duara, na njia ikabaki. Na iandikwe basi, kando ya vita na mikataba ya wakubwa, kwamba Jumapili ile huko Carama watu wawili walipanda baiskeli, wakaenda, wakarudi nyumbani, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza.