Gari la Kumpeleka Mama Oldonyiro

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Simu kutoka Oldonyiro asubuhi. Mama mkubwa Natabo, dada wa pekee aliyembakia Mama, hali chakula tena. Kila akiamka anamwulizia Mama. Mama alianza kufunga begi kabla sijamaliza kumweleza.

Saa sita akapita shemeji Ibrae, mume wa dada yangu Sharon. Anaenda Oldonyiro Jumatano kununua mbuzi. Akasema Mama atakaa mbele pamoja na Sharon, hakuna kulipa. Alisema kwa upole, kama kawaida yake. Upole huo ndio unaonichosha. Mimi ni mtoto wa kiume wa pekee, nina miaka arobaini na mbili, na kila Mama akitaka kwenda mahali anapelekwa na pikapu ya Ibrae.

Nikamwambia ahsante, Mama ana gari. Mama akauliza gari gani. Nikamwambia ataliona Jumamosi.

Sina gari. Nina akiba ya miaka sita na mpango. Nanunua gari wiki hii, nampeleka Mama, kisha naanza kubeba abiria wa Kipsing na Oldonyiro. Kufika Krismasi, Ibrae ataniomba lifti.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua.

Nilimpata Kahiga kwenye yadi yake ya magari hapa Isiolo, upande wa barabara ya Meru. Jana alikuwa amenitumia maelezo kwa simu, na picha sita. Stesheni wagoni ya kijivu. Haijawahi kugongwa. Mwenyewe mmoja tu, mwalimu wa kike wa Nanyuki. Na ni fowili, yaani magurudumu yote manne yanavuta. Nyuma kuna alama ya chuma inayosema hivyo. Ndani kuna kitufe. Ukikibonyeza, taa ya kijani inawaka. Nilikibonyeza mara saba.

Kahiga aliweka mkono kifuani. "Ndugu yangu, hii gari hata kwa mchanga wa Sericho inapita kama iko kwa lami."

Kabla sijaenda, Wakiuru alinipa ushauri ambao sikuuomba. Kibanda chake kinapakana na changu sokoni. Anachapa barua na kutoa kopi. Zamani alikuwa karani kwa wakili. Alisema nisilipe kabla fundi Robow hajalala chini ya gari akaangalia. Nikakataa. Robow hunywa chai na Ibrae, na habari ingefika kabla ya gari. Tena mimi nauza simu kuukuu. Nimeuza simu zenye ufa nikaziita zenye mikwaruzo. Mtu atanidanganya na nini?

Nililijaribu gari kwenye lami, kwenda na kurudi. Halikutetemeka. Redio inashika vizuri.

Jumatano, 6 Agosti

Ibrae na Sharon walipita alfajiri, kuuliza mara ya mwisho. Mama alikuwa tayari amejifunga leso, begi mkononi. Nikawaonyesha gari. Sharon alisema ni zuri, halafu akaniuliza kwa nini basi tusiondoke pamoja nao leo hii.

Nikawaeleza kwamba bima inatoka Alhamisi. Ni kweli. Sikuwaeleza kwamba fundi wa maandishi atamaliza kioo cha mbele Ijumaa. Nimeagiza KIPENZI CHA MAMA, herufi nyekundu. Nataka Oldonyiro wayasome tukiingia.

Ibrae alilizunguka gari, akainama, akachungulia chini. Akauliza kwa sauti ndogo ni fundi gani aliyelikagua. Nikamwambia wivu haumfai mtu mzima. Waliondoka.

Mama alikaa kwenye kiti nje ya mlango, begi mapajani, mpaka jua likamfikia miguuni. Nikamwambia ni siku tatu tu. Akasema sawa.

Jumatatu, 11 Agosti

Sijaandika kwa siku nne. Naandika sasa kwa sababu sitaki kusahau ilivyokuwa, ingawa ningependa.

Tuliondoka Jumamosi saa tatu asubuhi. Mama alikaa mbele. Alikuwa amembebea dada yake sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Mpaka Kipsing alikuwa akinisimulia jinsi Natabo alivyombeba mgongoni mwaka wa njaa, Natabo mwenyewe akiwa msichana wa miaka tisa. Sijapata kumsikia Mama akiongea sana hivyo. Nilifikiri, ona, ni kwa sababu ya gari.

Mbele ya Kipsing kuna laga, mto mkavu wa mchanga mtupu. Magari mengine yalikuwa yamepita. Alama zao zilionekana. Nikabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Tukaingia.

Katikati, gari likazama. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakirusha mchanga. Ya nyuma hayakusogea hata kidogo, yalitulia kama ya gari lililozimwa. Nikabonyeza tena kitufe. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Wachungaji watatu walikuja wakasukuma, wakakata matawi, wakachimba kwa sahani ya gurudumu. Mama alikaa ukingoni, chini ya mgunga, akitazama upande wa Oldonyiro.

Saa saba nilipanda juu ya ukingo nikapata mtandao. Sharon akapokea. Akasema Natabo ameamka, anauliza kama Mama amefika, tuharakishe. Nikamwambia tuko njiani. Nilimficha habari ya laga, kwa sababu Ibrae alikuwa karibu naye.

Saa tisa Sharon akapiga mwenyewe. Sikuhitaji kusikia maneno. Ndipo nikamwambia tulipokwama.

Nilishuka pale alipokaa Mama. Nilikuwa nikitafuta namna ya kusema. Aliniangalia usoni, akaliweka lile blanketi chini mchangani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Ibrae alifika saa kumi na moja. Hakuuliza kwa nini sikumwita mapema. Alimsaidia Mama kupanda pikapu, akasema atarudi na kamba. Nikamwambia waende tu, mimi siwezi kuliacha gari peke yake. Mama alitoa kichwa dirishani. Nilijua nitakemewa. Alisema, "Lopeyok, funga vioo, vumbi litaingia."

Tulizika Jumapili. Nasema tulizika, lakini lori la kunivuta lilichelewa na nilifika kwa boda boda, nikakuta udongo umeshasawazishwa. Mama alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi. Atabaki huko kwa muda, na Sharon atabaki naye.

Jumanne, 12 Agosti

Robow alilala chini ya gari kwa dakika mbili tu. Akatoka akijipangusa. Kwa kawaida, alisema, kuna chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwa magurudumu ya nyuma, mafundi wanakiita propela. Hapa hakipo. Kiliondolewa zamani, na mahali pake pamezibwa na kupakwa rangi. Kitufe kinawasha taa, hakuna kingine. Alama ya nyuma imebandikwa kwa gundi; aliing'oa kwa kucha.

Wakiuru alinipa kiti. Alinipa pole kwanza, kisha akaongea kama yuko kortini. Muuzaji akikudanganya kuhusu kitu ndipo ukakinunua, sheria inakuruhusu kuuvunja mkataba na kurudishiwa pesa zako, mradi usilale mwaka mzima. Nihifadhi ujumbe wote wa Kahiga. Robow aandike alichokiona na kutia sahihi. Nisitengeneze kitu, nisiliendeshe gari, nisitukane mtu. Barua atanichapia bure.

Nikamwambia barua ni ya watu wasio na akili ya biashara. Mimi nitamshika Kahiga kwa ulimi wake mwenyewe. Nitamwandikia nikijifanya mnunuzi mwingine, mzee Lobokat, tajiri wa ngamia kutoka Sericho. Atasema uongo tena, nami nitakuwa na ushahidi.

Wakiuru akaniambia ushahidi ninao tayari, uko mfukoni mwangu. Hakuelewa.

Jumatano, 13 Agosti

Mzee Lobokat aliandika saa mbili asubuhi kwamba ana ngamia mia mbili na anataka gari la mchangani. Kahiga akajibu mara moja: "Karibu mzee. Na pole sana kwa msiba wa mama mkubwa."

Nilikuwa nimetumia laini yangu. Picha yangu ilikuwa hapo juu, mimi nimeegemea gari lenyewe. Mimi, ninayeuza simu.

Akanialika yadi. Alitoa chai ya maziwa. Aliuliza Natabo alikuwa na miaka mingapi, akatikisa kichwa kwa huzuni, na nadhani machozi yalimlengalenga kidogo. Akasema hata yeye alidanganywa na aliyemuuzia. Ili tusiwe na kinyongo akanipa mazulia ya mpira ya gari, manne, mapya kabisa. Akaniomba nitie sahihi karatasi kwamba nimelikagua gari na nimeridhika. Nilikuwa nimeshika mazulia kwa mikono miwili, ikabidi niyaweke chini ili niandike.

Ni mazulia mazuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Wakiuru aliisoma ile karatasi, akavua miwani, akafumba macho kwa muda. Halafu akasema haidhuru. Haki hiyo muuzaji hawezi kukupokonya kwa kukusainisha karatasi. Akampigia Sharon kumweleza. Waliongea muda mrefu, nikasikia jina langu. Barua ilitoka saa tisa, kurasa mbili, pamoja na ujumbe wa Kahiga na maandishi ya Robow. Gari litarudi yadi, na mazulia yake, na pesa zirudi zote kwa siku kumi, la sivyo tutaonana mahakama ya madai madogo.

Nilisaini. Nilimwambia Wakiuru haitafanya kazi.

Jioni nilimpigia Mama. Aliniuliza kama ninakula. Nikataka kumwomba msamaha, lakini mtandao wa Oldonyiro ukaanza kukatika na nikasema nitapiga tena. Kusema kweli haukuwa unakatika sana.

Jumatatu, 25 Agosti

Imefanya kazi. Kahiga amekuja leo asubuhi, ametoa pesa zote mbele ya Wakiuru, amechukua ufunguo. Akasema yeye si mtu wa kesi. Wakiuru akaniandikia risiti, akaniambia nizipeleke pesa benki moja kwa moja, bila kupita mahali. Nikamwambia bila shaka.

Kahiga alikuwa akinisubiri kwenye kona. Alinishika bega. Akasema tangu msiba hajalala vizuri kwa ajili yangu. Kuna gari limeingia jana, la kijani, ambalo hajamwonyesha mtu. Hili ni fowili ya kweli, na mwenyewe alikuwa daktari. Nikaenda kuliangalia tu.

Nimefikiri sana. Mtu aliyerudisha pesa zote bila kupelekwa kortini ni mtu mwaminifu kuliko wengi. Sikuona haja ya kumsumbua na maandishi. Robow pia sikumwita. Mtu akitubu halafu umletee fundi, ni kumwaibisha. Nilichungulia chini mwenyewe. Kuna vyuma vingi.

Nikampigia Mama kumpa habari. Naye alikuwa na zake. Dawa zake za presha zinaisha Ijumaa, na Ibrae anarudi Isiolo Alhamisi. Nikamwambia asisumbuke na pikapu ya watu, mimi nakuja kumchukua Jumamosi kwa gari jipya, na dawa nitambebea.

Kisha akauliza, "Jumamosi gani?"

Nikacheka. Nikamwambia Jumamosi hii, Mama, tarehe thelathini.

Akasema sawa, mwanangu, kwa sauti ileile aliyokuwa akinibembeleza nayo nikiwa na homa. Nadhani alidhani simu imekatika, kwa sababu nilimsikia akimwambia Sharon ampangie nguo zake, Alhamisi wanaondoka na Ibrae.

Nimekaa hapa kibandani nikihesabu siku. Leo ni Jumatatu. Kesho asubuhi nikimlipa Kahiga, na nikiachana na mambo ya bima, naweza kuondoka Jumatano. Nitafika kwa Mama kabla ya Ibrae.