Msonobari wa Kumrudisha Tunu

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya nne bila mke. Tunu yuko kwao Buguruni, eti kwa sababu kuku wake watatu walikufa kiu mie nikiangalia mpira. Kuku wenyewe hawakusema! Mama mkwe, Bi Raudha, katoa sharti: nilee kitu kimoja chenye uhai hadi Jumapili, atakuja kukagua mwenyewe. Akikikuta kizima, narudishiwa mke.

Nimenunua msonobari kibete kwa wauza miche wa barabarani. Unanifika kiunoni. Muuzaji kasema hata miaka kumi utabaki hapo hapo, kijani masika na kiangazi. Akili hiyo! Mti usiokua, nani atajua kama nimeulea au nimelala?

Jumatano, 3 Desemba

Ncha zimekuwa kahawia. Jirani yangu Wilbert kachungulia ukutani, kacheka, kasema mti huo ni wa Lushoto, unataka baridi, huku Kinyerezi utakaangika. Wivu tu. Ila neno baridi nimelishika. Kwenye friza ya Tunu kuna barafu za ubuyu anazowauzia wanafunzi. Nimepasua vifuko hamsini, nimezipanga zote shinani. Mti umetulia, nimeona kabisa.

Alhamisi, 4 Desemba

Sisimizi! Sisimizi wa Kinyerezi nzima! Nimewamwagia mafuta ya taa. Wamekufa wote.

Jumamosi, 6 Desemba

Msonobari nao umekufa.

Nimemkumbuka Tunu, jamani. Nyumba kimya mpaka naisikia friza ikikoroma. Nimekaa kizingitini nusu saa nzima, nimenyong'onyea. Halafu akili ikafunguka: mvinje! Nyuma ya uwanja wa mpira ipo tele, na majani yake ni sindano sindano vile vile. Nimekata tawi, nimelichomeka kwenye shimo lile lile, nimelipunguza likakaa duara. Zuri kuliko msonobari wenyewe!

Jumapili, 7 Desemba

Wamekuja. Nimempa Bi Raudha shikamoo mbili, moja ya akiba. Kauzunguka mti, kachuma sindano moja, kaivunja. Akasema yeye kakulia nyumba ya boriti za mvinje, na tangu lini mvinje ukawa kibete? Akaushika kwa vidole viwili, akaung'oa. Chini hakuna mzizi, kuna alama ya panga. Nikasema, mama, mizizi bado imelala.

Tunu akacheka! Kicheko chake kile kile, nikataka kulia kwa furaha. Kisha akaenda kufungua friza.

Wamerudi Buguruni wote wawili.

Jumatatu, 8 Desemba

Wilbert kaniletea miche ya mchicha. Kasema Tunu kampigia simu: hasira zimeisha, anataka kurudi, nimwagilie tu mchicha wiki moja, asubuhi na jioni, basi. Nimemkatalia. Mchicha unakua haraka mno, nikisahau siku moja mtaa mzima utajua. Watu hawafikirii!

Kesho naenda Kariakoo. Nasikia kuna misonobari ya plastiki, na mingine inakuja na taa zake kabisa.