Mafuta ya Leleshwa na Debe la Mbegu

Jumatatu, 1 Februari 1982. Kijijini Qurus.
Kosa la watu wengi ni kuchemsha majani yenye harufu katika sufuria iliyo wazi. Nyumba nzima inanukia, wanafurahi, wanasema dawa imeiva. Haijaiva. Imeondoka! Ile harufu ndiyo dawa yenyewe, na imepita dirishani kwenda kumtibu ng'ombe wa jirani.

Naandika haya kwa sababu Evarista, mke wangu, amefungua debe la mbegu za maharage na kukuta fukusi wanatembea humo kama wako mnadani. Hatuna debe jingine. Masika ikifika, ni hilo au hakuna. Akataka kuchanganya majivu ya jikoni, kama alivyofanya mama yake. Nikamkataza. Nikamweleza kwa upole kwamba nimefundisha sayansi maisha yangu yote, na karne hii ni ya kemia. Akauliza kama kemia huliwa na ugali.

Nina mpango.

Alhamisi, 4 Februari.
Leleshwa! Kile kichaka cha majani ya kijivu ambayo morani hujisugua kwapani kabla ya kwenda kuonana na wasichana. Ndani ya jani mna mafuta yanayogeuka mvuke upesi. Yana kafuri, na kitu kinachoitwa sineoli. Na fukusi hapumui kwa pua. Ana vitundu ubavuni. Mvuke wa mafuta ukiingia humo, kwisha habari yake.

Lomayani, rafiki yangu mfugaji wa upande wa Ngorongoro, ameniletea majani kwa punda wawili. Akauliza kama ninaoa tena, maana leleshwa hii inatosha rika zima. Nikamweleza habari ya vitundu vya ubavuni. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe ni kwapa za fukusi." Maelezo yote yale, bure!

Ijumaa, 5 Februari.
Chombo. Yanatakiwa mambo matatu: pipa linalofungwa, mrija wa shaba, maji baridi ya kuupoza mrija. Hapa kwetu mwenye vyote ni Mama Lusia, ambaye kazi yake mbele ya padri huitwa kuchemsha maji. Ameniazima. Akanishauri nisiwashe moto mchana. Nikamwambia sayansi haijifichi.

Jumamosi, 6 Februari.
Sayansi ingejificha kidogo.

Moshi ulipopanda tu, akatokea Piusi na mgambo wawili. Piusi ni jirani yangu, na ni balozi wa nyumba kumi. Tangu achaguliwe anatembea kama aliyemeza rungu. "Hata wewe, Mwalimu Wilibrodi! Msoma masomo kanisani, unapika gongo!"

Nikaanza kueleza. Mvuke hupita katikati ya majani na kuyabeba mafuta, mrija baridi huugeuza kuwa maji, mafuta huelea juu. Piusi akasema maelezo hayo hayo aliyapata kwa Mama Lusia mwaka jana, tena kwa kifupi. Akadai ushahidi. Akachota kikombe kwenye yale maji, akagugumia yote.

Macho yakamtoka. Akapiga chafya, akatoa machozi, akasema pua imefunguka mpaka utosini. Mgambo mmoja akaomba naye aonje kidogo, ana mafua. Wakaondoka bila kunikamata. Ushindi!

Mafuta yaliyopatikana kwa gunia zima: kijiko cha mezani. Evarista akatazama kijiko. Akatazama mahali palipokuwa na kuni zake. Akaingia ndani.

Jumatatu, 8 Februari.
Majani yote yamekwisha. Nimepata nusu ya chupa ya dawa ya kikohozi. Mtu mwenye hadhari angeweka matone machache. Lakini huyo hana fukusi, mimi ninao. Nimemimina yote! Kisha nikaziba mfuniko kwa nta ya nyuki ili mvuke usitoroke.

Evarista aliomba bakuli moja tu la mbegu aliweke pembeni na majivu. Nikamweleza kwamba huko ni kukosa imani.

Jumapili, 21 Februari.
Baada ya misa nimelifungua debe mbele ya Piusi, makusudi. Fukusi wote chali, miguu juu! Piusi akapangusa machozi, akakubali kwamba wamekufa. Akaomba mafuta kidogo kwa ajili ya mbegu zake. Nikamwambia aendelee na majivu, yanawafaa watu wa kawaida. Akajibu kwamba maharage yangu yananuka kama kibanda cha mganga. Wivu!

Jumatano, 24 Februari.
Jumatano ya Majivu. Padri alipomaliza kunipaka kwenye paji la uso, Evarista akaninong'oneza kwamba sasa hata mimi sitaliwa na fukusi. Kanisani! Nimemsamehe. Ni Kwaresima.

Jumanne, 2 Machi.
Mvua. Tumepanda debe zima.

Ijumaa, 12 Machi.
Maharage ya Piusi yameota, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Kwetu, udongo mtupu. Nimemwambia Evarista kwamba mbegu safi haina haraka.

Jumatatu, 15 Machi.
Evarista amefukua mistari mitatu. Mbegu zote nzima, safi, zimevimba maji, zimekufa. Na bado zinanukia!

Jambo lenyewe linavutia mno. Mbegu nayo ni kiumbe hai, hupumua kama fukusi, ila polepole. Mvuke uliofungiwa ndani haukuchagua wa kumwua. Nilianza kumweleza Evarista. Akanyanyua jembe. Somo nikaliahirisha.

Akaketi juu ya debe tupu, akauliza kwa sauti ndogo wajukuu watakula nini ifikapo Julai. Akajifunga khanga, akaenda mwenyewe kwa Piusi kuomba mbegu. Mvua inaendelea, bado tunaweza kuwahi.

Jioni amerudi. Piusi ana debe zima la akiba, lililolala kwenye majivu, na atatupa. Ila kwa sharti: nikampalilie shamba, mbele ya nyumba zote kumi, bila kumweleza mtu yeyote kitu chochote.

Bila kueleza! Mtu yule ni katili.

Jumatano, 17 Machi.
Nimepalilia. Nimenyamaza. Piusi alisimama pembeni na kikombe cha chai, akawauliza majirani kwa sauti kubwa hivi upinde wa mvua hutokana na nini, jamani? Na radi je? Kwa nini mwanga wake hutangulia? Mama Lusia akajibu kwamba mwanga una miguu mirefu. Miguu mirefu! Nikauma ulimi. Nikapalilia mpaka mwisho wa mstari.

Evarista amepewa debe lake. Alipanda mchana huo huo.

Jumamosi, 27 Machi.
Yameota! Shamba zima, kijani kitupu. Evarista anaimba jikoni, na asubuhi nimewekewa sukari kwenye chai.

Lakini magugu nayo yameota, tena kwa fujo, katikati ya mistari ya maharage. Mgongo wangu bado unauma tangu kwa Piusi. Nilikuwa nazunguka ua nikifikiria palizi, ndipo nikaona. Pale nilipochemshia leleshwa na kumwaga mabaki, hakuna gugu hata moja! Evarista anasema pale ndipo palipokuwa na moto. Hajasoma kemia. Mafuta yanayoua mbegu ya haragwe yatashindwaje na mbegu ya gugu? Nimekuwa na dawa ya palizi mkononi muda wote, na kosa langu lilikuwa kuimimina ndani ya debe badala ya kuinyunyizia shambani.

Evarista anakwenda kwenye sala ya jumuiya mchana, hatakuwepo.

Basi Wilibrodi, acha kuandika. Chukua panga, ukate gunia moja la leleshwa leo.