Nyanya za Mogire Hazina Tundu

Alhamisi, 10 Julai
Jua! Siku ya kumi na nane bila tone. Tena hapa Suneka, ambapo mvua ya saa tisa alasiri ilikuwa ya kuaminika kuliko saa ya ukutani. Nyanya zangu zimetobolewa na viwavi, majani yote yana michirizi myeupe. Nikachungulia ng'ambo ya ua kwa jirani yangu Mogire. Zake mbivu, nyekundu, hazina tundu hata moja! Jua ni lile lile, kijito ni kile kile, mbegu tulinunua siku moja. Roho imeniuma mpaka ugali ukanishinda.

Na makambi ya kanisa ni Agosti. Watu mia nne, wiki nzima, na jiko litachukua nyanya za mkulima mmoja tu. Jina lake litatangazwa mbele ya kanisa lote, asimame, watu wageuke wamwone. Mwenyekiti wa kamati ya jikoni ni Nyanchama. Mke wangu! Basi ni mimi. Nani mwingine?

Ijumaa, 11 Julai
Nyanchama amesema kamati itakagua mashamba yote mawili tarehe 28, na kwamba yeye haangalii sura ya mtu. Nikamkumbusha kwamba tumeoana miaka ishirini na miwili. Akasema ndiyo maana. Nikaonja mchuzi. Mtamu ajabu. Nikauliza nyanya zimetoka wapi. Akajibu bila haya: kwa Mogire. Zako, Baba Cynthia, zina wadudu. Nikasukuma sahani.

Alasiri Bi Laila, afisa wa kilimo, alikuja kwa Mogire. Nikajifanya natengeneza ua. Alisema tatizo ni joto. Kukiwa na baridi, kiwavi huchukua wiki sita na zaidi mpaka awe nondo na kutaga. Jua likizidi hivi, wiki tatu tu, vizazi vinapandana. Na mvua iliyokuwa ikiwapiga nondo chini haijaja. Halafu akaonyesha mabeseni ya Mogire, na vipira vidogo vinavyoning'inia juu yake, akaanza kumsifu. Hapo masikio yangu yakakataa kusikia zaidi. Yaliyobaki sikuyapata.

Jumamosi, 12 Julai (Sabato)
Nimemwambia Nyanchama tumbo linauma. Wote wakaenda kanisani. Nikaruka ua. Vipira vinane, nimevichukua vyote! Mabeseni nimeyaacha, yamejaa maji machafu ya sabuni na nondo waliokufa. Mogire hana usafi. Ni wazi kwamba harufu ya vipira ndiyo inayofukuza wadudu. Nimevitundika katikati ya nyanya zangu. Je, nimevunja Sabato? Hapana. Sikulima. Kutundika si kazi.

Jumapili, 13 Julai
Alfajiri nimekuta nondo wengi sana shambani. Wamekuja kuaga.

Jumatano, 23 Julai
Hawakuaga.

Majani yamekauka, matunda yamejaa vinyesi vya viwavi. Mogire naye amenunua vipira vipya, na sokoni anasimulia kwamba vile vya kwanza viliibwa na tumbili. Tumbili! Nimeumia sana kuitwa hivyo.

Leo Bi Laila amepita kwangu. Akauliza maji yako wapi. Maji gani? Akanieleza polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwamba kipira kina harufu ya nondo jike. Madume huja mbio, huanguka kwenye maji ya sabuni, hufa. Bila maji, nimealika madume wa Suneka nzima kwenye harusi, na mabibi harusi walikuwa tayari wako kwangu. Akauliza vipira nimevipata wapi. Nikasema vimeletwa na tumbili.

Jumatatu, 28 Julai
Nyanchama amepasua nyanya yangu mbele ya akina mama watano. Kiwavi akatoa kichwa. Wamempa Mogire makambi.

Jioni Mogire akaja na beseni na kipande cha sabuni. Akasema, Ndugu Obadiah, msimu ujao tutege pamoja, na makambi ya mwaka ujao tugawane. Akasema pia kwamba mambo ya tumbili ameyasahau, na akanishika mkono. Anajua! Angenitukana ningepata nafuu. Amenisamehe, na kijiji kizima kitasikia alivyo mtu mwema.

Alhamisi, 31 Julai
Mvua! Mvua ya kweli, ya kupiga mabati. Nondo wamelala matopeni. Nyanchama amecheka kwa furaha, na mimi nilitaka kucheka, naapa nilitaka. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye ua, nimeona kwa macho yangu. Ilianza kwa Mogire. Nimehesabu dakika nne nzima kabla haijavuka kuja kwangu.

Dakika nne! Hazikuja bure. Juu ya paa lake kuna kitu cheusi, kipana, kinachong'aa, kimeelekezwa mawinguni. Tangu akifunge, taa zake pia zinawaka vizuri kuliko zangu. Kesho napanda kukichukua. Ngazi sina. Nitaazima kwa Mogire.